Siku Niliyopinga Harusi ya Watu kwa Sababu ya Suti

Kuna watu hapa Mwala mpaka leo wakiniona naingia kanisani wanaanza kucheka kabla sijakaa, na mimi siwalaumu, kwa sababu aibu niliyopata siku ile hata ningekuwa wao ningecheka mpaka nishike mbavu. Lakini wanaisimulia vibaya, wanaongeza chumvi, kwa hivyo wacha niiseme mwenyewe vile ilikuwa.

Taabu ilianza mwaka wa 1996, nikiwa na miaka ishirini na tano, wiki moja tu baada ya kuoa. Mimi shule niliachia darasa la tatu, lakini harusi nilitaka ya kanisa, na suti, na gauni jeupe, na ng'ombe mzima, ili mtu asije akasema Mutinda ameoa kimyakimya kama mwizi wa kuku. Kitambaa, mchele, sukari, soda, vyote nilikopa kwa mzee mmoja mwenye duka pale Muthetheni. Watu walikula wakashiba, wakaimba, wakaenda kwao, halafu mzee akaja akasimama mlangoni.

"Mutinda, kula umekula. Mwaka ukiisha hujalipa, nachukua cherehani ya bibi yako."

Hiyo cherehani bibi yangu Kaluki alipewa na mama yake, na ndiyo ilikuwa inatulisha. Mimi nilikuwa nafyatua matofali, na matofali mvua ikinyesha ni matope tu, lakini Kaluki alikuwa anashona mvua ikinyesha, jua likiwaka. Tukakula muthokoi mtupu, mahindi ya kukobolewa, asubuhi na jioni (maharagwe tulikuwa tunayasikia kwa jirani), na deni likakataa kupungua.

Halafu siku moja Kaluki akaniambia, "Hiyo suti yako na gauni langu ziko kwa sanduku zinafanya nini? Si kuna watu wataoa?"

Nguo zote mbili alizishona yeye mwenyewe. Basi tukaanza kuzikodisha. Mtu akija Kaluki anampima, anapunguza hapa, anaachia pale, Jumapili nguo zinarudi zinafuliwa. Tukawekeana sheria moja: hakuna mtu atapewa nguo mpaka sisi wawili tukubaliane. Na mimi nilikuwa naenda na suti kwa kila harusi, nakaa mbele kama mjomba wa bwana harusi, naichunga isimwagiwe supu (na chakula pia nakula, nisidanganye).

Sasa kosa langu. Kaluki alikuwa amekwenda sokoni wakati Musyoka wa bucha alikuja. Huyu Musyoka alikuwa mtu wa kula bidhaa yake mwenyewe, mkubwa, shingo hakuna. Akasema atalipa mara mbili, nusu sasa, nusu baada ya harusi, lakini asijue mtu, kwa sababu ameambia wakwe zake suti imenunuliwa Nairobi. Nikapiga hesabu kwa kichwa: hiyo pesa ndiyo ilibaki deni liishe. Nikakubali peke yangu, haraka, kabla hajageuka.

Kaluki aliporudi alishika kichwa. "Musyoka yupi? Wa bucha? Mutinda, ulimwona ama ulikuwa umefunga macho?"

Alifumua ile suruali yote, akaingiza kipande cha kitambaa huko nyuma, akashona, akafumua tena, akashona. Mwisho akasema, "Mwambie asiiname. Akiangusha kitu kiokotwe na mwingine."

Nikamwambia. Akasema amesikia.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali na kanisa limejaa mpaka madirishani. Musyoka alikuwa anatoka jasho kama anabeba ng'ombe, anajipangusa na kitambaa cha mkono, anajipangusa tena, na mimi niko mstari wa pili macho kwa suruali. Mchungaji akauliza kama kuna mtu ana sababu ya hawa wawili wasioane aseme sasa. Na wakati huo huo, kitambaa cha mkono kikamponyoka Musyoka, na yeye, kwa mazoea tu, akaanza kuinama. Mimi nikasikia uzi wa kwanza ukisema *trr*.

Nikaruka juu. "Hapana! Ngoja!"

Aiya! Kanisa lote likageuka. Nikataka kumalizia "usiiname," lakini nikaona baba ya bibi harusi amekaa hapo mbele, nikakumbuka ni siri, nikakumbuka ile nusu ya pesa, nikayameza maneno.

Mchungaji akatoa miwani. "Ndugu, una pingamizi?"

"Sina."

"Mbona umesema hapana?"

"Nilikuwa nasema hapana, hakuna pingamizi."

(Mpaka leo nikikumbuka hilo jibu nashangaa nililitoa wapi.)

Kaka mkubwa wa bibi harusi alikuwa ameshafika. Akanishika kola, akamgeukia dada yake. "Ndunge! Unamjua huyu mtu?"

"Simjui mimi!" Ndunge akaanza kulia ndani ya shela.

"Analia," akasema nyanya mmoja huko nyuma. "Anamjua."

Hapo ndipo Kaluki alisimama upande wa akina mama. Hakupiga kelele. Aliniangalia tu, akauliza, "Mutinda, wewe na huyo msichana mko na nini?"

Musyoka naye alikuwa ananitikisia kichwa polepole, macho ya mtu anayejua kutumia kisu. Nikisema ukweli, pesa imekwenda na cherehani imekwenda. Nikinyamaza, bibi amekwenda. Sikufikiria sana.

"Ni suti!" nikasema kwa nguvu. "Hiyo suti ni yangu, tumemkodishia, na akiinama itapasuka!"

"Uongo," akasema yule kaka. "Hiyo imetoka Nairobi."

"Basi mwambieni ainame."

Baba ya bibi harusi akasimama na fimbo yake. "Kijana, inama."

"Lakini mzee..."

"Inama tuone."

Musyoka akainama. Sitasema zaidi, ni kanisani. Nitasema tu ilipasuka kutoka mshipi kwenda chini, na kile kipande cha Kaluki kikabaki kinaning'inia kama mkia. Watu walicheka mpaka kwaya ikakaa chini. Ndunge mwenyewe alicheka mpaka shela ikaanguka. Mama mmoja akaleta leso yake ya kujifunga, Musyoka akafungwa kiunoni, akaoa akiwa na koti juu na leso chini, na mchungaji akapangusa machozi akauliza, "Mbali na suruali, kuna pingamizi lingine?"

Nusu ya pili sikuiona. Nilipoiulizia Musyoka alisema, "Pesa gani? Ya kuinama?"

Njia yote ya kurudi Kaluki alitembea mbele yangu, suruali kwapani. Tulipofika alikaa kwa cherehani, akaitandaza ile suruali, akaiangalia, akaanza kucheka peke yake mpaka na mimi nikacheka. Kisha akasema, "Sasa tutalipa na nini?"

Jibu lilikuja lenyewe wiki hiyo. Kumbe watu wengi walikuwa hawajui kuna suti ya kukodi, na kanisa zima sasa lilikuwa limejua. Wakaja wa Mwala, wa Muthetheni, mmoja akatoka mpaka Katelembo, na Kaluki, akiwa ameishona upya ile suruali, aliwapima wote mimi nikiwa nimesimama hapo hapo, na wote walilipa kabla. Mwaka haujaisha tukampelekea mzee wa duka pesa yake ya mwisho, tukiwa wawili.

Tangu siku hiyo sijakubali biashara yoyote Kaluki hayuko, hata ya kuku mmoja, na kijana akija kwangu na bibi mpya namwambia hivyo hivyo bila kuzunguka. Sikusoma, lakini leo mimi na Kaluki tuko na nyumba ya mawe, ekari nne, ng'ombe watatu, mbuzi, tangi la maji, duka la nguo za harusi Machakos mjini na cherehani sita. Deni hatuna.