Propela ya Kupanda, Propela ya Kukimbia

Nilitaka propela fupi kwa sababu ya baba mdogo. Sitaficha hilo. Dada yangu, ambaye ndiye rubani, alitaka ile ndefu kwa sababu ya mikaratusi iliyo mwisho wa uwanja.

Zote mbili zilikuwa za mbao, zimelazwa juu ya magunia katika kibanda chetu pembeni mwa uwanja mdogo wa nyasi nje ya Kitale. Mimi ni seremala, kwa hiyo nilizielewa kama skurubu. Propela ni skurubu inayojipenyeza hewani badala ya kwenye ubao. Skurubu yenye meno yaliyoachana huingia upesi, ila mkono lazima uwe na nguvu ya kuigeuza. Yenye meno ya karibu huingia polepole bila kukuchosha. Ile fupi ilikuwa imesokotwa sana. Ikishashika mwendo angani inavuta ndege kwa kasi ya kutisha, lakini ikiwa bado chini inahangaika, injini inakoroma na mizunguko haipandi. Ile ndefu ilikuwa na msokoto mdogo. Inakunyanyua haraka, kisha huko juu inakuambia basi, mwisho wangu ni hapa.

Ndege yenyewe iliundwa iwe ya mbio. Mkulima mmoja mzee aliianza, macho yakamkataa, akatuachia fremu mradi tuimalize. Mabawa niliyatengeneza mimi huko Kibomet, katika karakana ile ile ninakotengenezea vitanda. Injini na nyaya alifunga dada, aliyesomea ufundi wa ndege kabla ya kupata leseni ya urubani. Mkaguzi alikuwa amekuja na kuondoka, karatasi zilikuwa tayari, na safari za majaribio zilikuwa zimekwisha salama, zote kwa propela ndefu.

Kilichobaki kilikuwa Jumamosi. Siku hiyo baba mdogo alikuwa na sherehe ya shukrani upande wa Kibabii, kule Bungoma, katika boma lililokuwa la baba yetu.

Lazima niseme alichofanya. Kwetu, siku chache baada ya mazishi, ukoo hukaa pamoja kunyoa nywele. Hapo ndipo mambo ya marehemu husemwa hadharani: nani alikuwa anamdai, nani atatunza nini, watoto watakaa wapi. Mama alikuwa ametangulia. Tulipokaa kwa ajili ya baba, nilikuwa kidato cha pili na nyuma yangu wadogo watatu. Baba mdogo alisimama akatugawa. Shamba na nyumba ataangalia yeye. Mimi nichunge ng'ombe wake. Wavulana wawili waende kwa shangazi. Na huyu msichana, alisema, kuna mama anafanya biashara mpakani Suam, anahitaji mtu wa kumshikia mtoto. Dada alikuwa bado hajafika darasa la tano. Wazee wakaitikia, na hakuna aliyemtazama usoni.

Asubuhi yake niliwachukua wote watatu tukaenda Kitale. Shule niliiacha hapo. Hakuna aliyegawanywa. Lakini kila ubao niliopiga randa tangu siku ile, nimeupiga nikiona uso wa yule mtu. Mchungaji wetu aliwahi kuniambia niiachilie hiyo hasira. Nilimjibu kwamba bado naitumia.

Kwa hiyo nilijua ninachotaka. Nilitaka ndege ipite juu ya mahema yake kama jiwe la manati, wageni wainame, na kabla hawajainua vichwa iwe imeshafika Webuye. Kwa kazi hiyo, propela ndefu ilikuwa ya kuchekesha.

Jumatano tulizipima. Niliazima kwa dalali wa mahindi ile mizani ya kuning'iniza magunia, nikaifunga kwa kamba, upande mmoja kwenye mkia wa ndege, upande wa pili kwenye kisiki. Dada akaingia ndani akafungua mafuta hadi mwisho huku mimi nikisoma mshale. Propela ndefu ilivuta hadi pale ambapo magunia mawili yangeufikisha. Tukafunga ile fupi. Injini ikakoroma, nyasi zikalala, mshale ukapanda kidogo ukasimama. Nilingoja uendelee. Haukuendelea.

Dada alizima injini akatoa kichwa nje. "Imefika wapi?"

"Imefika pazuri."

"Bro. Pazuri ni wapi?"

"Gunia moja na kidogo."

"Na ile ingine?"

"Mawili. Lakini hii imefungwa kwa kisiki! Ikikimbia inabadilika, si ni wewe ulinieleza?"

"Inabadilika ikipata nafasi. Hapa Kitale tuko juu, hewa ni nyepesi, na nafasi yote ndiyo hii unaona." Alishuka akaigonga propela kwa kidole. "Hii kitu itafika Bungoma kabla umalize chai. Lakini kwanza lazima itoke Kitale."

"Wewe unaogopa miti."

"Miti haijanifanyia kitu. Naogopa fundi mwenye hasira."

Sikukubali. Kesho yake nilimsihi aikimbize tu uwanjani bila kuruka, tuone. Kulikuwa na pipa jeupe pembeni mwa uwanja. Kwa propela ndefu, akifika hapo magurudumu huwa tayari yameacha nyasi. Aliniambia nisimame kando ya hilo pipa, nione mwenyewe.

Nilisimama. Alitoka mwisho wa pili, ndege ikaja polepole kuliko nilivyowahi kuiona ikija. Ilipita pipa magurudumu yakiwa bado yanadunda chini. Nilikuwa nimekunja ngumi nikiisukuma kwa moyo, panda, panda, kana kwamba baba mdogo alikuwa amekaa mwisho wa uwanja na si miti. Akapunguza mafuta, akashika breki. Ndege iliteleza, ikasimama karibu sana na mikaratusi.

Nilipofika mbio, alikuwa ameshashuka. Alinyoosha mkono akachuma jani, pale pale aliposimama kando ya bawa, akalitia kwenye mfuko wa shati langu.

"Mpelekee baba mdogo," alisema. "Mwambie ni salamu zangu."

Hakucheka.

Nilichukua spana nikafungua bolti moja baada ya nyingine. Sikuwa nimemsamehe mtu. Niliona tu kwamba yule mtu aliwahi kumpangia dada yangu pa kwenda, na sasa nilikuwa karibu kumpangia mimi, tena kwa ajili ya mtu yule yule. Nilirudisha propela ndefu, nikazikaza bolti kwa mpangilio alionifundisha.

"Sasa sitapita kama manati," aliniambia.

"Basi usipite," nikasema. "Zunguka. Kaa juu yao mpaka uchoke."

Ijumaa nilitangulia Bungoma kwa barabara. Jumamosi nilikaa nyuma kabisa ya hema, kwa sababu nilitaka kumwona uso. Baba mdogo alikuwa mbele na maikrofoni, amevaa suti, anaeleza jinsi Mungu alivyoibariki kazi ya mikono yake. Ndipo injini ikasikika. Ilikuja bila haraka, katika urefu ambao sheria inaruhusu, ikainama na kuanza kuzunguka.

"Watu wa Mungu, msishtuke!" alipaza sauti. "Hiyo ni ndege ya mheshimiwa. Nyinyi vijana, si mtoe hizo ng'ombe hapo! Ashukie wapi?"

Vijana wakakimbia kutoa ng'ombe. Ndege ikamaliza mzunguko wa kwanza ikaanza wa pili. Niliinuka nikapita katikati ya viti hadi kwake.

"Baba mdogo, si mheshimiwa," nilimwambia kwa sauti ya chini. "Ni yule wa Suam."

Alinitazama, akatazama juu, akanitazama tena. Niliuona uso niliousubiri miaka yote hiyo, lakini haukukaa. Aliinua maikrofoni.

"Ndugu zangu! Kumbe ni omwana wefwe! Mtoto wa hii boma! Mimi ndiye nilimlea! Pigeni makofi, bana!"

Wakapiga. Akina mama wakapiga vigelegele. Kwa propela fupi mambo yangeishia hapo: ngurumo moja, uongo mmoja, makofi, kisha watu warudi kwa nyama yao. Lakini makofi yalikwisha na injini ikawa bado iko pale pale juu yetu. Watu walikuwa wanatazama juu, kisha wanamtazama baba mdogo, wakingoja aeleze zaidi.

Nilichukua maikrofoni mkononi mwake. Mbele ya wageni hangeweza kuing'ang'ania.

"Hakulelewa hapa," nilisema. "Siku ya kunyoa nywele za baba, huyu alisimama akaamua apelekwe Suam akawe yaya, na alikuwa mtoto yeye mwenyewe. Wazee waliokuwepo wamekaa hapa mbele. Kama nadanganya, mmoja wao asimame."

Ndege ikapita juu ya hema, kivuli chake kikakata meza ya keki. Hakuna aliyesimama. Mzee mmoja alianza kuikagua fimbo yake kana kwamba ameletewa ainunue. Kisha shangazi, yule yule aliyepangiwa wadogo zangu, akasema kwa nguvu kutoka upande wa jikoni, "Ni kweli. Hata mimi nilikuwa hapo."

Minong'ono ikaanza safu za nyuma ikaja mbele.

Nilimrudishia baba mdogo maikrofoni. Aliishika bila kuisogeza mdomoni. Jasho lilikuwa limelowesha kola yake.

"Sasa mwambie aende," alisema. "Watu hawasikizani."

"Bado ana mafuta," nilimjibu, nikaenda kupanga foleni ya chakula.