Mwalimu wa Tuisheni Asiyeweza Kukaa

Ilikuwa mwaka ule wa ukame. La, nimekosea, ni uliofuata, mwalimu wa tuisheni alipokaukiwa sauti. Sebuleni kwake alikuwa akifundisha, akifagia na kuwapigia wazazi simu, yote peke yake. Daktari akamwonya apumzishe koo au abaki bubu, ndipo mkewe akamleta mpwa wao wa kike afundishe hesabu.

Siku ya kwanza tu, mwalimu aliyeketi nyuma akawa anainuka kila mara, anafuta ubao na kuandika jibu lile lile upya.

"Mjomba, unanisaidia au unanifukuza?"

"Endelea tu, mama," akanong'ona, chaki mkononi.

Mpwa akabeba mkoba, huyoo!

Mwalimu akamgeukia mkewe, hoi: "Hivi kukaa tu, mtu hujifunzia wapi?"