Mawe Hai ya Tata Mukendi

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, enzi za Zaïre, nilipotoka Musonoi nimevaa suti ya abakosti ya kuazima, nakwenda Kolwezi mjini kujitambulisha kwa baba wa Kapinga, binti niliyetaka kumuoa. Nilibeba zawadi: jiwe la malakiti, lenye shaba ndani yake, kijani kibichi, nililolisugua mwenyewe mpaka likang'aa. Kwetu migodini nani angeikataa? Shaba ndiyo iliyotulisha sote.

Mzee huyo, Tata Mukendi, alikuwa karani. Sebuleni kwake palikuwa na sanduku kubwa la kioo lenye maji ya chumvi na samaki wawili wa manjano. Aliachiwa na mhandisi Mzungu aliyerudi kwao, ambaye alikuwa ameleta mawe na mwani kutoka baharini, kule Moanda. Mashine ya kuchuja maji ilikuwa imeungua siku nyingi na vipuri havikupatikana, lakini maji yaling'aa. Ila yale mawe, jamani, yalikuwa mabaya, matundu matupu! Nikaona leo nitampambia mzee sanduku lake. Usilolijua ni sawa na usiku wa giza. Nikakunja mkono wa nguo ili nilitumbukize langu.

Mzee akanidaka mkono.

"Acha! Hii jiwe iko na mukuba! Ukiitia mu mayi, byote bitakufa!"

Kapinga alikuwa mlangoni na sinia ya vinywaji, akainamisha uso. Nilijua nimeshampoteza. Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi nimekuja na sumu ya mukuba, shaba yetu.

Lakini mzee hakunifukuza. Alinipigisha magoti mbele ya kioo.

"Angaria muzuri, kijana."

Nikatazama. Kwenye tundu la jiwe kikachomoza kiumbe kama unyoya mwekundu, kikafunguka taratibu, na kingine kando yake. Vikonokono vidogo kuliko punje za mtama vilitambaa. Mwani ulitoa viputo. Mwanangu, mimi niliyezoea kupasua miamba kwa baruti, sikuwa nimewahi kuona jiwe linaloishi! Niliogopa hata kupumua karibu nalo.

"Mu ile matundu muko bududu budogo, macho haibuone," akanong'ona. "Njo bunakula buchafu ya samaki. Yenye inabakia, majani inaikunywa. Mukuba inatulisha siye, lakini bo inabaua."

Nikaelewa: vidudu hivyo ndivyo vilivyosafisha maji, na shaba inayotulisha sisi ingeviua.

"Tata, unisamehe. Unifundishe."

Tulikaa pale mpaka vinywaji vikapoteza ubaridi. Malakiti yangu mzee akaiweka kabatini, mbali na maji, kisha akamgeukia bintiye.

"Kapinga, leta kiti. Mwenye anakubali kushikwa mukono, huyu tutasikilizana."

Basi, mwanangu, ukiingia nyumba ya watu, hasa unapokwenda kuoa, tazama kwanza kinachoishi humo kabla hujatoa chako. Uliza nini kinawalisha na nini kinawaua. Kizuri chako chaweza kumwangamiza mwenzio, hata ukikitoa kwa moyo mweupe. Na ukizuiwa usinune, nyamaza ufundishwe.

Mungu akupe macho ya kuona uhai mahali wengine wanapopita tu, na kila nyumba utakayoingia ibaki salama kwa sababu uliingia.