Siku Baba Alipokwama Juu ya Paa la Mkwewe

Enzi zetu mwanamume hakukutana na mama mkwe wake uso kwa uso hivi hivi tu. Nyinyi mliokua na mimi huku Ganze mwajua. Wakikutana njiani, mmoja aliingia kichakani akajifanya anatafuta kuni mpaka mwenzake apite. Haikuwa chuki, ilikuwa haya na heshima, na sisi watoto ndio tuliokuwa macho ya wakubwa. Baba na Mama wakienda ukweni Matsangoni, mimi nilitangulizwa mbele nikipiga kelele, "Mkwe yuaja! Mkwe yuaja!" ili Hawe Jumwa, nyanya yangu mzaa mama, apate kuingia ndani. Na sauti nilikuwa nayo.

Tulizipenda safari hizo. Tulitoka alfajiri, Mama na kikapu cha mahindi kichwani, Baba na jogoo kwapani, tukalala kwa shangazi Kache, kesho yake ndipo pua zikaanza kupata harufu ya chumvi. Mama alipiga soga njia nzima, Baba akijibu neno moja moja.

"Charo, huyo jogoo wamkaba."

"Hajambo."

"Muulize basi!"

Lakini safari ninayoikumbuka zaidi, Mama hakuwa nasi. Alikuwa ametangulia kwao kwa hasira, na sababu ni paa. Makuti yetu yalioza upande wa kitanda, Mama akasema, akasema tena, Baba akamjibu, "Dama, mvua yenyewe hapa Ganze iko wapi?" Kweli kwetu mvua ilikuwa kama mgeni wa serikali, ikisubiriwa sana na kupita upesi. Ila mwaka ule ilikuja, na ikaingia moja kwa moja kitandani kwa Mama na kwenye unga wake. Asubuhi akafunga nguo zake kwa leso akaondoka.

Nyumba ikapoa. Baba alisonga sima mwenyewe, ikawa na madonge, tukayala hivyo hivyo. Wiki ya pili alinyoa ndevu, akamkamata jogoo, akaniambia, "Kadzo, twende tukamlete mama yako." Njia nzima sikupiga kelele wala sikuimba. Nilikuwa na jambo moja tu moyoni: akikataa je?

Tulifika kesho yake mchana. Hawe Jumwa alikuwa amekwenda Dabaso kwa mdogo wake, Bibi Tabu, naye atarudi jioni. Mama alimpa Baba maji ya kunywa, akaangalia pembeni.

"Hapa pia panavuja," akasema. "Lakini hapa hapana mwanamume wa kulaumiwa."

Babu alikwisha kufa, na makuti mapya yalikuwa yameegemezwa ukutani siku nyingi, hayana wa kuyapandisha. Baba aliyatazama yale makuti. Alichukua kamba, akaniita kando. "Nenda ukakae barabarani. Ukimwona mkwe, piga ile kelele yako, nisikie huku juu." Akapanda.

Nikaenda. Na ningekaa vizuri, lakini Matsangoni kando ya barabara kulikuwa na wasichana wanacheza mdako: Zawadi, Nyevu, na Mbeyu mwenye pengo. Wakaniita, "We wa Ganze, kwenu kokoto si zipo?" Nikaona nikawaonyeshe. Nilikuwa nimeshadaka kokoto za kutosha kuwanyamazisha wote watatu niliposikia kicheko cha Bibi Tabu kikitoka uani. Yeye na Hawe walikuwa wamewahi kurudi, wamepita nyuma ya mgongo wangu.

Nilikimbia nikachungulia nyuma ya ua, lakini wapi. Wazee wamekaa mkekani chini ya paa, wanaambua kunde kwenye ungo. Juu yao Baba amelala kifudifudi kama nguo iliyoanikwa, jua lamchoma. Mama yuko mlangoni mwa jikoni, leso mdomoni, na jicho alilonitupia nalikumbuka mpaka leo. Kusema Baba yuko juu ni kumwaibisha yeye na Hawe pamoja. Basi tukanyamaza.

Hawe naye ndio kwanza anaanza. "Tabu, mume wa Dama ni mwanamume gani? Mke amekaa huku wiki mbili, haji hata kumuulizia!"

"Labda akuogopa."

"Aniogope kwani nauma? Mimi sitaki kitu chake. Akija kumtaka mkewe, hata leo ampeleke. Asipokuja, Dama haendi."

Baba nadhani alitaka kusogea asikie vizuri, maana bunda la kamba liliteleza, likaanguka katikati ya ungo. Kunde zikaruka kila upande.

Hawe aliiangalia ile kamba. Hakuinua kichwa. Alivuta leso yake taratibu akajifunika mpaka puani, akasema kwa sauti kubwa, "Tabu, huyo kunguru aliye juu, mwambie upande wa jikoni nako kwavuja. Halafu Dama, funga mzigo wako."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia, ingawa baadaye aliniuliza, "Kadzo, macho nilikuzalia ya nini?" Siku ya tatu tulirudi Ganze sote, naye njia nzima akimwita Baba kunguru. Baba akajibu neno moja moja. Paa letu aliliziba siku ile ile tuliyofika, na mvua, kwa ujeuri wake, ikakaa misimu miwili bila kuja.

Leo mkwe wangu Safari, mume wa binti yangu Sidi, akija hunishika mkono, "Shikamoo mama," akaketi ubavuni mwangu, tukapigwa picha mashavu yakigusana kama mapacha. Hufunua hata chungu changu. Ni kijana mwema, sina neno. Bati langu likivuja humpigia fundi simu, na fundi huja. Lakini fundi hushuka kwenye ngazi yake bila kumwonea mtu haya.

Safari na Sidi wakija hunipigia simu kila wanapofika kituo, kwa hiyo najua kila hatua yao. Hata hivyo wakikaribia hujikuta nimeingia ndani, nimevuta leso puani, nangoja kelele za mtoto. Mtoto yupo nao, mjukuu wangu, jina langu amerithi. Huja nyuma ya wote, pole pole, ameinamia simu.