Fundi Anayeziba Macho ya Kompyuta

Ukiona laptop hapa Karatu imebandikwa plasta ya kidonda juu ya kamera yake, ujue imepita mikononi mwa Yasini. Haulizi. Unampelekea mashine ambayo vibonyezo vimekwama, anaitengeneza, na siku ya kuichukua unaikuta na plasta. Ukiibandua, hasemi kitu. Ukirudi tena na tatizo jingine, utaondoka na plasta mpya.

Duka lake liko nyuma ya stendi, kati ya muuza mitumba na banda la chipsi. Baba yake alitoka Kondoa kufuata vitunguu vya Mang'ola, akaoa, akabaki. Yasini alianza na redio, akaenda kwenye simu, simu zikamfikisha kwenye kompyuta. Kazi yake kubwa zaidi ni vumbi. Udongo mwekundu wa huku haujui mlango, na kiangazi mashine humfikia feni zikiwa zimeshonana kama godoro la pamba. Huzipuliza, huzipangusa, kisha humwambia mwenye mali aache kuweka laptop kitandani. Hakuna anayemsikia. Wengine huja mbio kwamba printa imekufa, kumbe waya umechomoka. Huuchomeka bila kumcheka mtu, na kwa hilo peke yake nilimpenda tangu zamani, maana mimi ni mtu wa kuogopa kuchekwa.

Alhamisi ile nilimpelekea laptop yangu nimeifunga kwenye kanga kama mtoto mwenye homa. Haikuwaka. Nilikuwa nimeibonyeza tangu alfajiri, nikaibembeleza, nikaiombea.

Ndani yake kulikuwa na sauti ya babu yangu, Aako Piusi, aliyefariki mwaka uliopita. Katika sherehe zetu sisi Wairaqw, mzee husimama akasema slufay, yaani maombi marefu ya baraka, na waliokaa humwitikia kwa pamoja. Aako alikuwa na yake, aliyoipokea kwa baba yake. Likizo moja nilimwomba nimrekodi. Alikubali, lakini alipofika sehemu ya mwisho, inayotaja wazee wa ukoo wetu mmoja mmoja, alinyamaza akanitazama. "Hii ni ya nyumbani," alisema. "Isitoke nje ya boma." Nikamwahidi. Kwa sababu ya ahadi hiyo nilihamishia sauti kwenye laptop na kuifuta kwenye simu, simu zikiwa vitu vya kuibwa na kuazimwa. Sikumtumia hata binamu mmoja.

Sasa Jumamosi Brigita, binti ya shangazi, alikuwa anaolewa, na baba mdogo Isaya ndiye aliyepaswa kusimama mahali pa Aako. Alijua nusu ya maneno. Nusu nyingine alitegemea kuisikiliza kwangu.

"Nusu ile nyingine iko humu tu?" Yasini aliniuliza.

"Humu tu."

"Hukuweka hata kwenye flashi?"

Nikatikisa kichwa. Alinitazama kwa huruma iliyonitisha kuliko ambavyo lawama ingenitisha.

Kwenye benchi alikuwepo mteja mwingine, Msafiri, anayeongoza wageni kwenda kreta. Laptop yake ilikuwa imejaa picha za simba hadi ikawa inapumua kama gari linalopandisha ukingo kwa gia ya kwanza.

"Dada, usiogope," alisema Msafiri. "Huyu akishindwa, atakubandikia plasta tu uende."

"Wewe cheka," Yasini alijibu huku akifungua skrubu za mashine yangu. "Yako imejaa kwa sababu kila unachofanya mfumo unakiandika na kukipeleka kwao. Ulichofungua, ulipokuwa, ulichotafuta. Huo upelelezi nimekuzimia mara ngapi?"

"Kwani mimi nina siri gani? Bosi anajua nilipo, geti la hifadhi linajua nilipo, mke wangu anajua nilipo kabla sijafika. Hao nao wajue, wajipange foleni."

"Mgeni wako akija kwako kula, utamwacha aingie chumbani afungue kabati?"

"Akiacha bakshishi nzuri, namshikia na mlango."

Hata mimi nilicheka. Yasini hakucheka. Alisema yeye nyumbani anatumia Linux, mfumo huru ambao mtu anaweza kuusoma ndani nje, na kwamba kama Karatu yote ingemsikiliza, tungelala usingizi. Msafiri akamwuliza kama huo mfumo wake huru utafungua picha za simba. Wakaendelea hivyo, na mimi nikawa natazama mikono ya fundi ikichomoa betri na kuipima.

Alisema umeme wa kwetu Endabash, unaokatika na kurudi kwa kishindo, umeishtua mashine. Aliimaliza chaji yote, akabadilisha kibetri kidogo cha duara kinachoitunzia mashine saa na kumbukumbu za kuwakia, akabonyeza. Taa ikawaka. Nilishika meza.

Kisha kioo kikageuka buluu, kikaandika kwamba diski imefungwa kwa usalama, tafadhali ingiza ufunguo wa kurejesha. Chini yake palikuwa na kisanduku kirefu kinachosubiri tarakimu nyingi kuliko namba yoyote niliyowahi kuijua.

"Ufunguo gani?" niliuliza.

Yasini alisogeza mashine karibu. Alichomeka flashi yake ya Linux, akaingilia upande huo. Diski ilionekana, lakini kama sanduku la chuma lisilo na tundu. Alieleza taratibu kwamba mfumo ulijifunga wenyewe siku ya kwanza mashine ilipowashwa, mwizi asisome vitu vya mwenye mali. Sasa tulipobadilisha kibetri, umeshtuka ukadhani mwizi ni sisi. Bila ufunguo, hakuna fundi wa Karatu, wa Arusha wala wa Ulaya atakayeufungua.

Msafiri aliacha utani. Alichukua laptop yake, akaniambia "Pole, dada," akaondoka.

"Ufunguo hupelekwa kwenye akaunti," Yasini alisema. "Ile ya mtandaoni uliyofunguliwa wakati wa kuanza kutumia. Akaunti yako ni ipi?"

"Sijawahi kufungua akaunti."

"Lazima ipo. Bila akaunti mashine hii isingekubali kuanza. Nani alikuwashia?"

"Wewe."

Ilikuwa miaka michache iliyopita. Nilikuwa ninakwenda chuo, mwaka wa kwanza. Baba mdogo Isaya alinunua laptop, tukaileta hapa hapa atuwekee programu. Mtandao siku hiyo ulikuwa wa kusuasua, mimi sikuwa na barua pepe, na basi la Dodoma lilikuwa linapiga honi. Yasini aliifanya iwake. Tangu hapo, kila nilipoifungua, kabla ya namba yangu ya siri iliandika YASINI COMPUTER. Sikuwahi kushangaa. Huku kwetu kila kitu huandikwa duka kilikotoka: kalenda ukutani, kava la tairi, mfuniko wa ndoo. Nilidhani na hicho ni kibandiko.

Yasini alivuta kiti akakaa. "Basi ufunguo upo kwangu," alisema, na ilipaswa kuwa habari njema.

Alichukua simu, akaingiza neno la siri. Akaunti haikumwamini. Ilisema itatuma namba ya uthibitisho kwenye laini yake ya zamani, na laini hiyo sasa anaitumia mkewe, Nasma, anayeuza vitambaa sokoni. Akampigia, akaweka sauti ya nje.

"Mama Sikudhani, imeingia meseji yenye namba. Nisomee."

"Nani mwenzangu?"

"Mimi! Yasini!"

"Yasini yuko dukani kwake ana kazi. Nyie matapeli siku hizi mnaiga hadi sauti."

"Nasma, wallahi ni mimi. Namba inaisha muda."

"Mume wangu alinikalisha kitako akaniambia: namba ya meseji haisomwi kwa yeyote, hata kwangu mimi mwenyewe. Maneno yake hayo. Kama wewe ni Yasini, njoo na sura yako." Akakata.

Yasini alitoka akikimbia, kandambili zikilia hadi kwenye kona. Nilibaki peke yangu na kile kioo cha buluu. Niliwaza nitakavyomwambia bibi. Niliwaza Isaya amesimama katikati ya watu, amefika katikati ya maneno, ananyamaza, na wote wanamsubiri. Niliifunika mashine kwa kanga, kisha nikaifunua, nikihofia joto.

Alirudi akihema, na Nasma nyuma yake kashika simu kwa mikono miwili, hataki kuiachia.

"Ndiye huyu mwenye kilio?" alinitazama. "Pole, mdogo wangu. Ningejua ni wewe, bado nisingesoma."

Namba ikaombwa upya, ikaja, ikaingizwa. Akaunti ikafunguka, na uso wa Yasini ukabadilika. Nilisogea nikatazama. Laptop yangu ilikuwepo. Lakini zilikuwepo nyingine, nyingi, kila moja na ufunguo wake: ya ofisi ya parokia, ya zahanati moja, ya hoteli za barabara ya kwenda getini, za walimu wa Kansay, na hata ile ya Msafiri ya simba. Kila mashine aliyowahi kuiwasha kwa haraka, kwa mtu asiye na barua pepe na mwenye basi la kuwahi, aliiwasha kwa akaunti ya duka. Mteja huambiwa "baadaye utabadilisha." Hakuna aliyebadilisha.

"Na mimi ndiye niliyewabandika plasta wasichunguliwe," alisema kwa sauti ndogo.

Nasma alimwekea mkono begani. "Fungua ya mtoto wa watu kwanza. Utajisikitikia baadaye."

Alinisomea tarakimu, fungu kwa fungu, na mimi nikaziandika kwa kidole kimoja, kila moja nikiirudia kwa sauti. Kioo kikawa cheusi kwa muda ambao sitaki kuukumbuka. Kisha ikatokea picha yangu ya nyuma, mlima Oldeani wenye mawingu, na faili ya Aako mahali pake.

Niliibonyeza kidogo tu. "Eva, imeanza?" ilisema sauti yake. Nikaizima. Machozi yalinitoka bila aibu, mbele ya watu, mimi mwoga wa kuchekwa.

Lakini pembeni mwa jina la faili niliona alama ndogo ya kijani. Nilikuwa nimeiona miaka yote bila kuuliza. Nikamwuliza Yasini maana yake.

Aliinama akaitazama. "Maana yake ilishapanda. Uliporudi chuo ukapata mtandao wenye nguvu, mfumo uliichukua wenyewe ukaipandisha kule juu, kwenye wingu la mtandaoni. Kwenye akaunti."

"Yako."

"Yangu."

Tulifungua upande huo, na kweli ilikuwepo, sauti nzima hadi jina la mzee wa mwisho. Ahadi yangu kwa Aako ilikuwa imevunjika kabla hata hajafa, nami nikawa ninaitunza bure.

"Umewahi kuifungua?" niliuliza. Sijui nilipata wapi ujasiri.

"Wallahi sijawahi. Sikujua kama ipo." Kisha akaongeza, na ninamheshimu kwa hilo: "Lakini siwezi kukuthibitishia, dada Eva. Ni neno langu tu."

Tuliinakili kwenye flashi kwanza, kwa kuwa ukifuta juu huweza kufutika na chini. Tukaisikiliza mwanzo hadi mwisho kuhakikisha; kabla ya majina, Aako aliposema ni ya nyumbani, Nasma akatoka nje bila kuambiwa, na Yasini akamfuata. Kisha Yasini alirudi akakata uhusiano wa mashine na akaunti yake, akafuta sauti kule juu, akamwaga na pipa la taka.

"Imefutika kabisa?"

"Kwa tunavyoweza kuona sisi, ndiyo," alisema. "Zaidi ya hapo sijui."

Nilifika Endabash jioni nimeshika flashi kwenye kiganja, sikuiamini mifuko. Bibi Laurencia alikuwa anapepeta maharage. Nilimweleza yote, na mengi hakuyaelewa, wingu, akaunti, ufunguo. Alielewa moja.

"Maneno ya mzee yamelala nyumba ya mtu mwingine?"

"Ndiyo, bibi."

"Muda gani?"

"Miaka."

Aliendelea kupepeta. Makapi yaliruka, na mimi nikawa nasubiri kuhukumiwa.

"Aliyelaza mgeni si mpita njia," alisema mwishowe. "Mwambie aje Jumamosi. Akae na wenye nyumba, aitikie. Hatutakuwa na mtu aliyeyashika maneno bila kuyaitikia."

Isaya alisikiliza flashi Ijumaa nzima, akitembea nyuma ya zizi, midomo ikimcheza.

Jumamosi Yasini alikuja na Nasma, kavaa kanzu, kakosa pa kuiweka mikono. Alinong'ona kwamba ameanza kuwapigia wateja waje wafungue akaunti zao wenyewe. Padri alimshukuru. Msafiri alimwambia amtunzie tu, ila kabati asifungue. Wengi hawakupokea simu, wakidhani ni tapeli.

Isaya alisimama. Alianza vizuri, watu wakaitikia. Yasini hajui Kiiraqw, akawa anaitikia akichelewa kidogo nyuma ya wote, na watoto wakamgeukia wakicheka. Bibi aliwakazia macho wakaacha. Tulipokaribia majina, Isaya alinyamaza. Aliinamisha kichwa, akavuta pumzi, akataja la kwanza.

Hapo ndipo niliona simu. Kijana mmoja wa upande wa bwana harusi alikuwa ameiinua juu ya vichwa, alama nyekundu ya kurekodi ikiwaka kwenye kioo chake. Nilitaka kupaza sauti, nikaogopa macho ya watu. Jina la pili likatajwa.

Yasini alikuwa karibu naye. Alinyanyua mkono, akalifunika lile jicho la simu kwa kiganja chake chote, akakishikilia pale, huku macho yake yakimtazama Isaya na mdomo wake ukiitikia pamoja nasi.

Kijana aliishusha simu. Alikuwa ameshachukua kiasi gani, sijui. Niliendelea kuitikia.