Meza Moja ya Watu Wanne

Nakumbuka, mwanangu, mchana mmoja wa Jumamosi kule Muthangari, na kila nikiukumbuka nachoka upya. Si uchovu wa kazi. Uchovu wa kazi huisha mtu akilala. Huu ni uchovu wa kubeba kwa miaka mingi jambo ambalo lingeisha kwa kusogea hatua mbili tu.

Nitakueleza polepole, maana kuandika kwangu ni kwa polepole. Shule niliishia darasa la nane, na hata huko nilikuwa yule anayejua jibu lakini hanyooshi mkono.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, siku zile simu ya mkononi ilipoanza kuonekana hata kwa sisi mafundi. Nilikuwa fundi wa rangi. Nilikaa Kawangware, chumba kimoja, na kazi nilizipata Lavington, Karen, Upper Hill, popote penye ukuta mchafu na mwenye nyumba mwenye haraka. Kazi moja ilikuwa kupaka rangi mkahawa mdogo wa Muthangari. Upande mmoja wa menyu yao ulikuwa wa vyakula vya Kihindi, upande wa pili vya Kithai. Nilipomaliza, mwenye mkahawa aliniketisha, akaniletea mkate wa naan uliotoka tanurini saa hiyo hiyo, na mchuzi wa kijani wa Kithai wenye tui la nazi na mchaichai. Mimi nilikuwa mtu wa githeri na sukuma wiki. Nilikula nikatoka jasho, nikapangusa bakuli kwa kipande cha mwisho.

Tangu siku hiyo kila mwisho wa mwezi nilirudi kama mteja. Nilionyesha menyu kwa kidole, nisilazimike kusema sana. Wahudumu walinijua. Mtu mwenye haya akipata mahali anapojulikana, mwanangu, hupashika kama mtoto anavyoshika nguo ya mamake.

Hapo ndipo nilipomleta Mwende, binti wa Kikamba kama mimi, aliyekuwa akifanya usafi kwenye ofisi moja Upper Hill. Siku ya kwanza aliniangalia nikihangaika na pilipili.

"Wewe unakula ama unalia?" akaniuliza.

"Nafanya yote mawili," nikasema.

Alicheka mpaka akaweka naan chini. Kwangu hayo yalikuwa maneno mengi. Baada ya miezi kadhaa tulikubaliana kuoana.

Kabla sijapeleka mbuzi wa posa kwao Makueni, mama yake aliitwa hospitali kubwa kupimwa sukari, akaja Nairobi pamoja na mumewe. Nikamwambia Mwende kwamba wakitoka hospitali watakula kwangu, pale mkahawani. Alifurahi. Hakuniuliza tutakaa vipi, kwa sababu alidhani kila Mkamba anajua.

Mimi sikujua. Kwetu, mama na mkwe wake wa kiume hawali pamoja. Si chuki. Ni heshima, kila mmoja anamwonea mwenzake haya. Lakini mimi nililelewa Kawangware na mama peke yake, naye alifariki mapema, na mila nilizisikia kwa mbali kama redio ya jirani. Nilikuwa na mjomba Mlolongo ambaye angenieleza kwa dakika moja. Niliona haya kumuuliza. Wanasema kuuliza si ujinga, ila mtu mwenye haya huona afadhali abaki na huo ujinga.

Basi walikuja saa saba mchana. Mhudumu alitupokea mlangoni. "Niaje, fundi! Leo umeleta kanisa nzima?" Nilicheka kwa fahari. Nilikuwa nimeomba meza ya kona, ya watu wanne.

"Meza ni moja?" Mwende akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Moja," nikasema. "Si sisi ni familia?"

Alimtazama baba yake, akavuta kiti. Mama yake aliketi upande upande, uso ukutani, leso akaivuta mpaka kwenye paji la uso. Nikadhani ni ugeni wa mjini. Jua kwamba mama yule hakuwa ametia kitu kinywani tangu jana yake jioni, maana daktari alitaka kumpima akiwa na njaa. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka.

Chakula kikaja. Pale huwekwa mabakuli katikati ya meza, na kila mtu anachota humo humo. Mama hakuchota. Mwende alinigonga mguu chini ya meza. Nikadhani ananihimiza niwe mkarimu, nikachukua sahani ya mama, nikampakulia kwa mkono wangu mwenyewe, kuku, wali, na ule mchuzi wa kijani.

"Karibu, Mwaitu," nikamwambia, yaani mama yetu. "Kula, usiogope."

Mama alimgeukia binti yake. "Mwende, mwambie baba yako mimi nimeshiba."

Baba yake aliweka kijiko chini. Alikuwa mzee mrefu, mzee wa kanisa, asiye na haraka. "Kijana," akasema, "mama hawezi kula ukiwa mbele yake. Wewe ni mkwe. Ile meza ya mlangoni haina mtu. Twende tukae pale mimi na wewe, tuwaache hawa wale."

Aliniambia hivyo, mwanangu, kwa upole na kwa wazi. Meza ya mlangoni ilikuwa hatua mbili. Ningesimama tu.

Lakini wahudumu walikuwa wakitazama, na pale ndipo mahali pekee Nairobi nilipojiona mtu. Maisha yangu yote nilikuwa nimehamishwa: kaa kule, pitia nyuma, ngojea nje. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi niliyekuwa sisemi, siku hiyo nikasema.

"Mzee, hapa ni Nairobi. Hayo ni mambo ya zamani. Sisi si tumeokoka?"

"Mimi niliokoka kabla hujazaliwa," akasema. "Na mpaka leo sijakula mbele ya mama ya mke wangu. Yesu hajanigombeza."

Mwende akasema jina langu, mara moja. Nikabaki nimekaa.

Mama aliinuka akishikilia meza, Mwende akamshika mkono wakatoka. Kupitia dirishani niliwaona wakivuka barabara hadi kwa mama mmoja muuza ndizi. Mama mkwe wangu, na gauni lake la kanisani, alikaa juu ya jiwe kando ya mtaro, akala ndizi tatu kwa haraka, huku meza nzima ya chakula ikipoa mbele yangu. Mzee alichota kijiko kimoja, akala kwa adabu. "Chakula chako ni kizuri," akaniambia. "Sina neno na chakula." Akachukua kofia yake, akawafuata.

Mwende alirudi kuchukua mkoba wa mama yake. Nikaanza kusema kwamba sikujua.

"Kutojua si kosa," akasema. Hakupaza sauti. "Hata mimi nilikosa, ningekuambia mapema. Lakini Baba alikuambia, mama akitetemeka hapo, na ukabaki umekaa. Nikiwa mzee na mgonjwa kwako, utainuka?"

Alichukua mkoba, akatoka. Baadaye nilimtuma mjomba wa Mlolongo Makueni na mbuzi kuomba msamaha. Wazazi walimpokea, wakamchinjia kuku, wakasema yamekwisha. Mwende ndiye aliyekataa kuolewa nami, na sikumlaumu. Aliolewa kwingine. Mimi pia nilioa, miaka mingi baadaye, mwanamke mwema, na mama yake simkaribii akila. Lakini siku ambazo mwili umechoka, namwona yule mama juu ya jiwe.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nami nilijikwaa vyote, mguu uliokataa kusimama na ulimi uliokataa kunyamaza. Kwa hiyo nakuambia wewe unayesoma, hasa ukiwa mpole na mwenye haya kama nilivyokuwa. Ukiambiwa kwamba umemzuia mtu kula, kupumua, au kupita, ondoka kwanza. Mila ni nzuri ama ni mbaya, mtajadiliana baadaye, yule mtu akiwa ameshiba. Na ukiwa na kiu ya kuonekana mtu, usiinywe mbele ya mwenye njaa. Tena uliza. Piga simu kwa mjomba, hata kama unaona haya. Haya ya kuuliza ni ya dakika moja. Hii nyingine, ya siku ile, mimi bado ninayo.

Mungu akupe masikio yanayosikia mara ya kwanza, na magoti mepesi ya kuinuka. Akupe wakwe watakaokula kwako wakashiba, na usingizi usiokuwa na deni la moyo. Nenda salama, mwanangu.