Salamu za Mathe

Leo nimedanganya mpiga picha wa bustani. Ama sijadanganya, sijui.

Nilikuwa nimekaa tu kwa nyasi hapa Nakuru town, viatu nimevua, njugu mkononi.

Akaja, kamera shingoni.
"Boss, leo uko solo? Mathe ako wapi?"

Alizoea kutupiga picha, mimi na mamangu, tukitoka kanisani. Mathe hakuwa anakubali mpaka aweke kibeti chake cha mkononi vizuri kwa magoti.

Nikamwambia, "Ako nyumbani, Subukia."

Na ni ukweli. Tulimzika huko kabla ya mvua.

"Basi msalimie sana."

Mdomo ukajibu wenyewe, vile tumezoea: "Zitafika."

Akaenda zake ameridhika.

Sasa niko na salamu za watu. Kesho napanda Subukia kuzifikisha.

Nyinyi huanza aje kuongea na kaburi?